Buluu Niliyoifuta

Mwalimu Seif alifariki Jumatatu, akazikwa Jumanne baada ya sala ya adhuhuri, na mimi nilipata habari Jumanne hiyo hiyo jioni, maiti keshafukiwa. Aliyenipigia simu ni binti yake, Rahma. Rahma huelewa kila neno la Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza, kama watoto wengi waliokulia London. Siku hiyo alijitahidi. "Anti Mwanaidi," akasema, "Baba ametangulia." Nikasema yale yasemwayo, nikauliza hitma ni lini, nikakata simu. Halafu nikakaa jikoni kwangu Woolwich, mwanamke wa miaka sabini, nikatambua kwamba kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa huzuni. Ilikuwa nafuu. Nilijiambia: sasa hakuna tena wa kumwambia. Nimewahi kujichukia mara nyingi kwa ajili ya mtu yule, lakini si kama dakika ile, kijiko bado kimo mkononi na chai inapoa.

Nataka kuusimulia mwaka mmoja tu, wa tisa au wa kumi baada ya Mapinduzi. Kwetu Unguja, nani alinizaa na nani alinipandisha ndege kuja Uingereza, hayo yana wakati wake. Nilikuwa na miaka ishirini, nimepanga chumba kwa Mwalimu Seif na mkewe Bi Zuwena huko Tottenham, ghorofa ya juu ya nyumba ambayo chini yake aliishi mjane wa Kijamaika. Chumba changu kilikuwa stoo iliyotolewa masanduku: kitanda cha chuma, misumari miwili ya kutundikia nguo, na dirisha lililotazama kamba za kuanikia za majirani. Ukuta baina yangu na wao ulikuwa wa mbao nyembamba, nikisikia wakisali, wakikohoa, wakimsomesha Rahma, aliyekuwa na miaka sita, alifu na bee. Joto lilitoka kwenye hita ya mafuta ya taa iliyowekwa kwenye ujia, na sote wanne tulinuka mafuta ya taa hata tukiwa ndani ya treni. Bi Zuwena alipika kwa alichokipata: nazi ya unga aliyoiroweka maji ya moto na kuikamua kwa kitambaa, samaki wa kopo aliowatia ukwaju mpaka wakasahau kopo, muhogo na ndizi mbichi kutoka kwa Wajamaika wa sokoni. Nikifungua mlango tu, kabla sijavua koti, atasema, "Kaa ule kwanza, mtoto we, habari hazipoi." Ijumaa palikuwa na wali wa nazi hata kama wiki nzima tumekula mkate. Hakunichukua kama mpangaji hata siku moja. Nalisema mapema ili ijulikane nilikuwa nikila mkononi mwa nani.

Mwalimu alikuwa amefundisha kuchora katika skuli moja ya Unguja. London alipata kazi kwenye karakana ya Mwingereza mmoja, Bwana Hallam, chini ya ardhi katika mtaa wa nyuma karibu na Holborn, ambako zilitengenezwa picha za karatasi zilizochanika, zilizoliwa na wadudu, au zilizobandikwa ovyo kwenye kadi zikaharibika. Ndiye aliyenitafutia na mimi kazi pale: kufagia, kupika chai, kukata kadi. Mwenyewe alikaa kwenye benchi la dirishani, mahali pekee palipopata mwanga wa mchana, na miguu ya wapita njia ikipita juu ya kichwa chake. Sijaona tena mikono kama ile. Aliweza kutenganisha karatasi mbili zilizoshikana miaka mia kwa kijisu chembamba, huku anapumua kwa pua tu, na zikaachana kama maganda ya kitunguu. Wateja walikuja na kumwulizia yeye, siyo Bwana Hallam. Na mimi, nikisimama nyuma yake na sinia la chai, nilikuwa na hamu moja tu duniani: kukaa kwenye kiti kile. Mwalimu aliijua hamu hiyo na akaipalilia. Mchana tukila mikate yetu alinipa vipande vya karatasi mbovu nijifunzie. Bwana Hallam akasema, mara mbili nikimsikia, kwamba pengine baada ya Pasaka atanijaribu kwenye kazi ya kweli. Neno hilo "pengine" lilinikaa moyoni kama mwiba wa samaki.

Majira ya baridi akaja Bibi mmoja wa Kiingereza, mzee, mrefu, na picha ya Kijapani aliyoachiwa na kaka yake marehemu. Ilikuwa imechapwa zamani kwa mbao za kuchongwa, kila rangi na ubao wake, juu ya karatasi laini kama kitambaa. Ilionyesha uwanja ambao samurai walifundishwa kupiga mishale. Upande mmoja kibanda kirefu cha mbao, na chini yake wanaume saba, wengine wamepiga goti, mmoja amesimama na bega moja wazi, uta wake mrefu kuliko yeye mwenyewe, kamba imevutwa mpaka nyuma ya sikio. Mbele yao mchanga uliochanwa kwa reki. Mwisho wa mchanga tuta la udongo lenye shabaha za duara. Kando ya uwanja palikuwa na dimbwi la maji, na juu ya kibanda pazia lililotundikwa lenye alama ya ukoo, na dimbwi na pazia vyote vilikuwa vya buluu moja, buluu ya mbali, ambayo sikuwahi kuiona kwenye picha nyingine. Mwalimu aliitazama siku nzima bila kuigusa. Jioni akaniita.

"Unamwona huyu mzee aliyekaa kwenye mkeka?" akaniuliza. "Ndiye mwalimu wao. Wanafunzi wote wanatazama shabaha. Yeye anatazama bega." Akacheka peke yake, kicheko cha mtu aliyekumbuka darasa. Halafu akawa hana mzaha. "Sasa sikiliza, Mwanaidi. Hii isikae na maji. Hata brashi yenye unyevu usiilete karibu. Buluu hii wameikamua kwenye maua. Buluu za viwandani hazijali, lakini hii ikikutana na maji inakwenda zake, hairudi."

"Utajuaje kama ni ya maua?"

"Ina haya," akasema. "Haikupigii kelele."

Kazi aliyopewa ilikuwa kuibandua kutoka kwenye kadi kuukuu, kwa kijisu, kavu kavu, na kuiziba mashimo matatu ya wadudu. Siku ya nne alikuwa amekwisha kuibandua. Asubuhi ile alikuwa pia anabandika ramani moja kubwa kwa gundi ya unga wa ngano, basi benchi lilikuwa na bakuli la maji na brashi zilizolowa, na ile picha ya Kijapani imewekwa upande wa pili, chini ya karatasi ya kufyonzea. Saa sita akatoka kwenda kumpeleka Bi Zuwena kliniki, kwa kuwa alikuwa na mimba ya miezi mitano na alikuwa akivimba miguu. Bwana Hallam alikuwa juu na mteja. Nikabaki peke yangu.

Kwenye pembe ya picha, karibu na lile dimbwi, palikuwa na doa la hudhurungi, dogo kuliko kucha ya kidole cha mwisho. Nilikuwa nimelitazama siku nne. Nilikuwa nimekwisha kutoa madoa kama hayo kwenye karatasi mbovu kwa ncha ya brashi na tone la maji, na Mwalimu mwenyewe akanisifu. Sitasema kwamba nilisahau aliyoniambia. Kwa miaka mingi nilijaribu kujiaminisha kwamba nilisahau, lakini nilikumbuka vizuri, neno kwa neno. Nilidhani tu kwamba tahadhari zile ni za watu wa kawaida, na kwamba mimi mkono wangu ni mwepesi. Niliona sura ya Bwana Hallam akishuka ngazi na kulikuta doa halipo. Nikakaa kwenye kiti. Nikachukua brashi.

Doa halikutoka. Ile buluu ya dimbwi ndiyo iliyotoka. Ilisogea kwanza, kama kitu kilichoshtuka usingizini, halafu ikawa kijivu, halafu rangi ya chai ya maziwa. Nikakimbilia kuikausha kwa kitambaa na kitambaa kilikuwa na maji, kikagusa pazia, na pazia nalo likaenda. Haikuchukua hata dakika. Wale samurai walibaki vile vile, uta umevutwa, macho kwenye shabaha, kando ya shimo lenye rangi ya matope. Nikairudisha picha chini ya karatasi ya kufyonzea, nikaweka uzito juu yake, nikasuuza brashi, nikaiweka kwenye bakuli la Mwalimu kama nilivyoikuta. Halafu nikaenda kupika chai. Mikono yangu haikutetemeka, na hilo linanisumbua mpaka leo.

Iligunduliwa kesho yake asubuhi. Mwalimu ndiye aliyeinua karatasi. Niligeuka, nikamwona amesimama kama mtu aliyeitwa jina na asimwone aliyemwita. Bwana Hallam akaja, akatazama, akauliza kwa sauti ya chini kama ametumia maji. Mwalimu akatazama lile bakuli, ile ramani iliyobandikwa, zile brashi. Kisha akatazama mikono yake, pande zote mbili.

"Sikumbuki," akasema. Akasema tena, "Jana nilikuwa na haraka ya kwenda kliniki. Huenda ni mimi. Hapana mwingine."

Bwana Hallam akanigeukia. "Na wewe, uliigusa?"

Nilikuwa nimeshika sinia. "La, Bwana," nikasema. Maneno mawili. Mwalimu hata hakunitazama kuona kama nasema kweli. Haikumpitikia kwamba pana haja ya kutazama.

Yule Bibi alipokuja kuchukua picha yake, Bwana Hallam alitaka kumweleza mwenyewe, lakini Mwalimu akakataa. Alivaa koti lake, akafunga vifungo vyote, akamwambia wima wima kwamba amemharibia kitu ambacho hakitengenezeki na kwamba anaomba radhi. Bibi akavaa miwani, akainama juu ya benchi. Sote tulimngoja agombe. Akasema tu, "Mbona hapa palikuwa na maji." Akaweka kidole hewani, juu ya mahali lilipokuwa dimbwi, bila kugusa. "Kaka yangu akinionyesha maji haya nilipokuwa mdogo." Mimi nilikuwa mlangoni. Nilipaswa kusema pale. Nimeirudia nafasi ile mara elfu, na mara zote elfu natoka kwenda kuosha vikombe.

Bwana Hallam hakumfukuza. Mwalimu aliondoka mwenyewe mwisho wa mwezi ule. Jumapili asubuhi, nikiwa kitandani, nilimsikia kupitia ukuta wa mbao akizungumza na mkewe, naye Bi Zuwena alikuwa anakuna kitu, nasikia mbuzi ya kukunia karoti inakwenda na kusimama.

"Rudi kazini, baba Rahma," akasema. "Mtu hukosea."

"Kukosea nakujua, Zuwena. Huku si kukosea. Nimefanya kitu na sikumbuki kama nimekifanya. Naitafuta ile saa kichwani, siioni. Leo ni picha. Kesho?"

"Una miaka arubaini, si tisini."

"Ndiyo hivyo. Ndiyo maana naogopa."

Nilivuta blanketi mpaka kichwani. Baada ya nusu saa Bi Zuwena akagonga mlango wangu, akaniambia mkate wa maji u tayari, nitoke nile kabla haujapoa. Nikatoka nikala. Mwalimu akanisogezea asali.

Alipata kazi ya kukunja mashuka kwenye dobi ya hospitali moja, akaifanya mpaka alipostaafu. Na mimi, baada ya Pasaka, nilikaa kwenye kiti cha dirishani. Mwalimu ndiye aliyenisukuma. Jioni alinifundisha mezani, baada ya sahani kuondolewa, kwa maneno tu. Kalamu na kijisu hakuvishika tena. "Inua kwa upande huu," atasema, na mkono wake uko mfukoni. Nikawa fundi. Nilifanya kazi ile miaka thelathini na zaidi, watu wa majumba ya makumbusho waliniletea vitu vyao, na kila nikisifiwa mkono nilijiambia jambo moja lililoniwezesha kulala: alijua. Nilijiambia kwamba mtu mwenye macho yale lazima alijua tangu dakika ya kwanza, kwamba alinitazama mimi, msichana wa miaka ishirini asiye na mtu, akaamua kunifunika. Nilimfanya mtakatifu ili nisiwe mwizi. Nilikwenda kumwona kila Idi, na mara ya mwisho wiki tatu kabla hajafa. Alikuwa mwembamba, amelala upande wa dirisha. Nikamshika mkono. Tukazungumza habari za mguu wake na mvua.

Hitma ilisomwa Jumamosi, Tottenham, nyumba ile ile, ambayo watoto walikuja kuinunua yote. Wanaume walijaa sebuleni na wanawake tukakaa juu, katika kilichokuwa zamani chumba changu na ujia, sasa ukuta umevunjwa. Juzuu zikasomwa, dua ikaombwa, biriani ikapita, kahawa na halua zikafuata. Rahma akanikuta jikoni nikipanga sahani. Ana miaka hamsini na sita na ana mikono ya baba yake. Akaniambia, nusu kwa Kiingereza, kwamba baba alikuwa akinitaja siku zile za mwisho.

"Alisema nini?" nikauliza.

"Alisema, mwambie Mwanaidi akapime macho na kichwa. Mapema. Alisema, mimi nilichelewa, niliharibu kitu cha watu. Yeye asije akaaibika kama mimi."

Nikaweka sahani chini. Hakujua. Alikuwa hajajua kamwe. Kwa nusu karne mtu yule aliishi akiamini kwamba kichwa chake kina shimo, na shimo lile nililichimba mimi, halafu nikawa napita kando yake kila Idi na sahani ya kaimati. "Rahma," nikasema, "ile picha niliiharibu mimi." Nikamweleza pale pale, bomba la maji likitiririka. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alipojibu, alijibu kwa Kiswahili.

"Wiki tatu zilizopita alikuwa hai," akasema. "Ulikaa naye saa nzima." Akafunga bomba. "Njoo umwambie Mama."

Bi Zuwena alikuwa katika eda, amekaa kitandani na nguo nyeupe, mdogo kuliko nilivyomkumbuka hata Idi iliyopita. Akapapasa godoro nikae. Nikasimama. Nilimwambia kila kitu, doa, brashi, sinia, "La, Bwana". Nilidhani atalia au atanifukuza. Midomo yake ikaanza kwenda, nikadhani anasoma uradi. Kumbe alikuwa anakumbuka.

"Tangu mwaka ule," akasema, "nilimkata kucha mimi. Ndevu nilimnyoa mimi. Akitaka kumenya chungwa namnyang'anya kisu, namwambia, wacha, baba Rahma, utajikata. Hakuwahi kujikata. Hata siku moja." Akanitazama. "Nilidhani namhurumia."

"Bi Zuwena, nisamehe."

"Said alipozaliwa," akaendelea, kama hakunisikia, "nilimpa ampakate. Akarudi nyuma mpaka ukutani. Akaniambia, nitamwangusha, mikono yangu siiamini. Mwanawe wa kiume, Mwanaidi. Hakumbeba amesimama mpaka mtoto alipojua kutembea. Akimshika, anakaa kwanza sakafuni. Said amekua akijua baba yake hakumpenda kama alivyompenda dada yake. Ana miaka hamsini sasa, na Jumanne kaingia kaburini kumlaza, na hilo limo moyoni mwake."

Rahma alikuwa mlangoni, ameshika mwimo. Nikasema tena nisamehe.

"Radhi yangu nitaitazama mbele ya Mungu," akasema Bi Zuwena. "Nina miezi minne na siku kumi za kukaa humu, nitaitazama. Ya marehemu siwezi kukupa, si yangu. Lakini Said yuko chini. Nenda ukamwambie. Wewe, kwa mdomo wako, asisimuliwe na mtu."

Nikashuka ngazi. Wageni wengi walikuwa wamekwisha kuondoka, na Said, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, alikuwa anakunja busati. Akaniona, akaliacha, akanivutia kiti kwa heshima. "Karibu, Anti. Kaa, umechoka," akasema kwa Kiingereza. Nikamwambia akae yeye. Akakaa. Nikabaki nimesimama mbele yake, mikono chini, nikaanza.